Niliapa Kwamba Nilikaa Kiti Kile

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, tulieni msikilize. Mimi ni nyanya wa miaka sitini na nane, naishi Lodwar. Shule niliacha darasa la tatu. Sisimulii haya ili mnionee huruma. Nilifanya kosa nikiwa na akili zangu timamu.

Mume wangu aligongwa na lori kwenye barabara ya Kalokol. Hakuna aliyetuambia kwamba gari lina bima, na kwamba bima humfidia mtu aliyeumizwa. Tulizika, tukarudi nyumbani. Mtoto wetu wa kwanza, Ekai, alikuwa darasa la saba. Siku ile alisema atakuwa wakili wa kesi za ajali. Nikabeba samaki wakavu, nikauza mbuzi, mpaka akawa wakili kweli.

Mwanzoni alikuwa mtu. Alisafiri hadi Lowarengak kumtafuta shahidi mmoja tu, kwa ajili ya mchungaji aliyevunjwa miguu na gari. Mchungaji yule akapata haki yake. Sokoni wakaanza kuniita Mama Wakili. Nikalipenda jina hilo… kuliko ilivyofaa.

Baadaye nikasikia ana vijana wanaoshinda karibu na hospitali wakingojea majeruhi ili wamletee kesi. Nilisikia, nikanyamaza.

Halafu gari dogo la abiria likapinduka kati ya Kakuma na Lodwar. Walikuwa abiria sita. Ekai akachukua kesi yao. Siku moja akaja kwangu, akautazama mguu wangu wa kushoto. Mguu huo niliuvunja Kalokol nikiwa na mzigo wa samaki, yeye hajazaliwa.

“Mama, huu mguu umechechemea bure miaka yote hii,” akasema akicheka. “Wacha nao ufanye kazi.”

“Kazi gani, wewe?”

“Useme ulikuwa kwenye lile gari. Kiti cha nyuma, dirishani. Basi.”

Nilikataa. Akasema ajabu ni mama kumsomesha wakili halafu aogope karatasi. Nikaweka kidole kwenye karatasi yake. Kwa nini niliweka? Nafikiri nilitaka tu kubaki Mama Wakili.

Mahakamani niliapa. Nikasema nilikaa nyuma, dirishani. Wakaandika.

Nilipotoka nikakaa kwenye benchi nje. Akaja kukaa karibu nami mama mmoja mkimbizi kutoka Kongo, anaishi kambini Kakuma, aliyenisikia ndani nikiapa. Mkono wake wa kulia hauinuki. Katika ajali ile alizimia, na alipopata fahamu hospitalini, binti yake wa miaka sita, Neema, alikuwa ameshazikwa.

“Koko,” akaniita, ndivyo wanavyomwita nyanya kwao, “pale kwa dirisha mutoto yangu ndiye alikuwa amekaa, mimi nilikuwa mbele. Alikuwa anahesabu mbuzi za njiani. Pengine mulibanana wawili?”

Nikatikisa kichwa kukubali.

“Mimi nilizimia. Sasa wewe uniambie. Alilia?”

Nikamwambia hakulia.

Alinishika mikono, akanishukuru. Akanishukuru… Mimi sikuhisi kitu. Hata jua sikulihisi. Niliangalia viatu vyake, nikaona kimoja kimeshonwa kwa uzi wa bluu. Hicho ndicho ninachokumbuka.

Siku ya uamuzi, mama yule alipodai haki ya binti yake pia, wakili wa bima alisimama akahesabu. Viti vya abiria sita, majina sita, la sita ni langu. Huyo mtoto alikaa wapi? Ikaamuliwa kwamba Neema hakuwemo garini. Mtoto amefia mle ndani, na karatasi inasema hakuwemo.

Nilimwuliza Ekai kama alijua. Hakuinua macho kutoka kwa simu yake.

“Mama, yule mtoto hakuwa na karatasi hata moja. Kesi yake haingefika popote. Kiti kilikuwa wazi.”

Kilikuwa wazi.

Nilirudi mahakamani peke yangu, nikasema nilidanganya. Karani akaandika yote. Nimeambiwa nitaitwa, na kwamba naweza kufungwa. Sawa. Ekai anawaambia watu mama yake amezeeka akili.

Hilo halikuwa gumu. Kakuma ndiko kulikokuwa kugumu. Nilimkuta Mama Neema anachambua maharagwe kwa mkono mmoja. Nikamwambia sikuwa kwenye gari lile. Nikamwambia sijui kama mtoto alilia au hakulia. Hakunifukuza. Aliendelea kuchambua, punje moja, punje nyingine… mwisho akasema polepole:

“Koko, ile moja, ya kwamba hakulia, ungeniachia.”



Vijana, someni. Kuweni mawakili, wanahitajika sana huku. Lakini mkiletewa karatasi mseme mlikuwa mahali ambapo hamkuwapo, ikataeni, hata anayeileta awe mtoto mliyemzaa. Uongo unapoingia mahali, kuna mtu wa kweli anatolewa hapo. Nanyi wazazi, mkisikia mambo ya watoto wenu, msinyamaze kama mimi.

Jioni niliporudi kutoka Kakuma niliwaita wote wa boma langu, wakubwa kwa wadogo. Nikawaambia: Ekai akija, mpeni maji, kwetu mtu hanyimwi maji. Kiti msimpe. Atakunywa amesimama, mpaka siku atakapoenda mahakamani kusema Neema alikaa wapi.