Tawi la Olweny

Joanita, binamu yangu, alipata kibarua cha wiki mbili hapa Tororo: kusimama kwenye njiapanda ya barabara ya Malaba na kuwauliza watu kwa nini waenda kwa miguu wanagongwa sana pale. Ni mwendo wa kasi? Ni malori yanayokata kona bila kumwona mtu? Kazi ilimfaa. Ana mdomo huyo, hata bubu angemjibu.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, akaja mama mmoja. Mwanawe, Olweny, aligongwa na lori palepale wiki iliyopita. Kwetu aliyefia barabarani huchukuliwa mara mbili: mwili kwanza, kisha yeye mwenyewe, roho yake, ikifuata tawi. Mama akagusisha tawi bichi kwenye lami, akamwita mwanawe kwa jina, akaanza kuliburuta kwenda nyumbani. Anayeburuta tawi hasemi na mtu mpaka afike kaburini. Joanita anajua hilo tangu utotoni. Lakini fomu za maswali alizojaza zilikuwa hazijatosha.

"Mama, pole. Mtoto yako alikuwa navuka kutoka upande gani?"

Aliuliza mara tatu, hadi uchungu ukamzidi mama.

"Upande ile," akajibu. Kisha akasimama, akalitazama tawi. "Wewe menisemesha," akanong'ona. "Sasa yeye hajui nafuata nani."

Saa sita Joanita akavuka kwenda kula. Katikati ya barabara mkono wake ukashikwa. Baridi. Akauvuta. Ukavutwa. Lori likafunga breki hatua mbili kutoka kwake. Dereva, Mkenya, akatoa kichwa dirishani.

"Dada, mwambie huyo jamaa akuachilie."

Hapakuwa na mtu.

Joanita alinijia akilia, nami niliogopa kweli. Jioni hiyohiyo tulimwendea mama, tukapiga magoti. Akarudi njiapanda, akaita upya, akaburuta tawi. Safari hii Joanita alijifunga kitambaa mdomoni. Tukafuata kimya hadi kwa mama, si mbali na barabara. Akalilaza tawi juu ya kaburi.

"Mefika," akasema. "Nendeni. Musigeuke nyuma."

Joanita akatangulia, karibu akimbie. Mimi nilitembea nikitazama chini. Ndipo nikaona. Vumbini, kando ya alama ya tawi, kulikuwa na nyayo za mtu peku. Sote watatu tulivaa viatu.

Zilifika kaburini. Kisha zilitoka. Zilikwenda sambamba na viatu vya Joanita, hatua kwa hatua, kuelekea barabarani.

Nikamwita. Nikaita tena. Alikuwa ameshafika kwenye lami, na hakugeuka.