Pedali Inayolia

Jumamosi saa nane mchana, duka la vifaa vya umeme lilifurika watu utadhani televisheni zinagawiwa bure. Katikati ya msongamano huo, Kinyozi alikuwa amekalia kiti cha majaribio, usukani wa gemu mikononi, ulimi nje kama mtu anayepenyeza uzi kwenye sindano. Alivaa fulana nyekundu ya kubana, na ubavuni mwa kichwa alikuwa amejichora mistari mitatu kwa mashine yake mwenyewe. Mmoja ulipinda, lakini hilo aliliona yeye na Mungu tu.

Kwenye skrini, magari ishirini yalikuwa yakitembea mawili mawili. Mbio za namna hii haziwakuti madereva wamesimama. Mnaanza mkiwa mwendoni, taratibu, kama bibi harusi anayeogopa kukanyaga gauni lake, na gari la kwanza ndilo linaloamua. Likifika kati ya koni mbili za njano, dereva wake hukanyaga mafuta anapotaka mwenyewe, na wengine ndipo wafuate. Ukiwahi, adhabu. Ukimgonga wa mbele, adhabu na aibu.

Kinyozi akawahi, akamgonga wa mbele. Mara ya tatu hiyo.

"Kaka," sauti ikamjia nyuma ya kiti, "hayo magari yamekukosea nini?"

Akageuka. Msichana alikuwa amevaa shati la bluu lenye nembo ya shule ya udereva kifuani, raba nyeupe pee, na nywele zake amezibana juu kwa kalamu ya risasi.

"Yananichelewesha, dada."

"Unawahi wapi? Inuka nikuonyeshe."

Akakaa. Akaweka gia ya pili, akaacha nafasi ya gari moja mbele yake, na mguu wake ukatulia juu ya pedali kama paka aliyeona panya. Hakubabaika, hakuyumba. Gari la kwanza lilipoondoka, naye akaondoka palepale, laini, na kufikia kona ya kwanza alikuwa amewapita wanne bila kumgusa mtu. Watu dukani wakapiga makofi. Kinyozi alisahau kupiga, mdomo wake ulikuwa na kazi ya kubaki wazi.

"Umejuaje muda wa kuondoka?"

"Tazama makalio."

"Eti?"

"Ya gari, kaka! Macho juu." Akacheka. "Gari likikanyagwa mafuta, nyuma yake hushuka kidogo. Hapo ndipo unapoondoka. Wewe unatazama bampa, ndiyo maana unalikumbatia."

Kinyozi akaondoka dukani bila usukani mpya aliokuja kuuangalia, ila na namba ya simu.

Kumbe dada huyo, Mwalimu kwa wanafunzi wake wa udereva, alikuwa wa tatu kwenye ligi ya mbio za mtandaoni. Kila jioni saa kumi na mbili wakawa wanaingia gemuni pamoja, kila mmoja kwao, simu zikiwa hewani. Yeye aliongoza msururu, Kinyozi alifuata.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Tazama mbele."

"Nakutazama wewe."

"Mimi siko kwenye skrini, mjinga wee."

Wiki ya pili, Kinyozi akaacha kugonga watu. Wiki ya tatu akawa anaondoka sambamba na Mwalimu kana kwamba miguu yao imefungwa kamba moja. Mwalimu akajaa fahari. "Nina wanafunzi wenye leseni hawana utulivu wako," alimwambia. Ligi ile haikupokea dereva bila mtu wa kumdhamini kwamba anaanza mbio kistaarabu, basi Mwalimu akamdhamini kwa jina lake.

Tatizo ni kwamba Kinyozi hakuwa amejifunza lolote. Pedali ya Mwalimu ilikuwa kuukuu, na kila alipoikanyaga ililia *kwiii*. Sauti ilipita kwenye simu hadi sikioni mwa Kinyozi, na yeye akaifuata kama kuku anavyofuata punje. Mara nne Mwalimu alimwomba, "Niletee yale mafuta ya mashine yako ya kunyolea, hii pedali inanipa kelele." Na mara nne Kinyozi akasema, "Lo, mpenzi, nimesahau."

Zikafika mbio za kuwania fainali. Mwalimu alianza wa kwanza, Kinyozi nyuma yake. Magari yakazikaribia koni, taratibu, taratibu.

*Kwiii*.

Kinyozi akakanyaga hadi mwisho. Gari la Mwalimu lilikuwa bado linatembea. Alilichota kwa nyuma, likazunguka mara mbili, likalala ukutani. Fainali ikaondoka na moshi.

"Umenigonga," Mwalimu alisema simuni. Hakupaza sauti, na hapo ndipo palipotisha. "Nilikudhamini mimi. Umeona nafasi ya kwanza, ukashindwa kungoja sekunde mbili?"

"Mpenzi, nisikilize, nilisikia..."

"Ulisikia nini?"

Kinyozi aseme nini? Kwamba utulivu wote aliousifia ulikuwa wa kuibia?

"Hakuna," akasema.

Simu ikakatwa. Siku tatu hakupokea. Siku ya nne Kinyozi alimnyoa mteja nyusi moja kwa bahati mbaya, akajua maisha haya hayaendi. Akatia kichupa cha mafuta ya mashine mfukoni, akaenda nyumbani kwa kina Mwalimu.

Mama mtu ndiye aliyefungua, akamwonyesha chumba cha ndani. Mwalimu alikuwa ameketi mbele ya usukani, kanga mabegani, macho hayataki mgeni.

Kinyozi akapiga magoti.

"He!" Mama akapiga kelele mlangoni, mikono kichwani. "Amepiga magoti! Mwanangu, jibu!"

Mwalimu akashika kifua. Kinyozi akainama zaidi, akaingiza kichwa chini ya meza, akatia mafuta kwenye pedali. Tone moja, mawili, matatu.

"Unafanya nini?"

"Natoa taa yangu ya kijani," alijibu akiwa huko huko chini. "Nilikuwa naondoka kwa kusikia pedali yako. Makalio ya gari sikuwahi kuyatazama hata siku moja. Siku ile nilisikia mlio nikajua ni wewe."

Mama akalifungua taratibu kabati lililokuwa pembeni. *Kwiii*.

"Siku ile niliingia kuchukua shuka," alisema kwa sauti ndogo.

Mwalimu alijaribu kununa, kicheko kikamshinda. Lakini kilipokwisha, akamtazama Kinyozi sawasawa. "Kugonga nakusamehe. Kunidanganya wiki zote hizo bado kunauma. Jumapili ijayo tunaanza tena kwenye ligi. Simu haitakuwepo. Nionyeshe."

Jumapili asubuhi walipangwa vilevile, yeye mbele, Kinyozi nyuma. Masikio ya Kinyozi hayakuwa na la kusikiliza isipokuwa moyo wake mwenyewe. Gia ya pili. Nafasi ya gari moja. Koni ya kwanza ikapita, mguu ukamwasha. Akangoja. Nyuma ya gari la Mwalimu ikashuka, kidogo tu, kama mtu anayekaa kitini. Akakanyaga.

Waliondoka kama uzi mmoja. Mwalimu alishinda. Kinyozi alimaliza wa saba, akashangilia kuliko mshindi, halafu simu ikaita.

"Umesubiri," Mwalimu alisema.

"Umeona?"

"Nilikuwa nakuangalia kwenye kioo muda wote. Hukutikisika. Nimependa." Akashusha sauti. "Siku ile ulipopiga magoti, mama alishaanza kuhesabu viti vya wageni."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye ninayeongoza msururu, sivyo? Basi nimeshakanyaga. Wewe unangoja nini?"

Kinyozi alitoka mbio, mguu mmoja kandambili, mwingine raba. Mama alipofungua mlango, mtu alikuwa tayari magotini kizingitini, anahema.

"Mwanangu," mama akauliza, akichungulia mikono yake, "leo tena kuna kipi kinacholia?"

"Hakuna, mama," Kinyozi alisema, macho yake yakimtazama Mwalimu aliyesimama nyuma ya mama. "Leo sikuja na mafuta."