Hodi ya Upande Laini

Mshikaji wangu Gaudens anakusanya santuri za zamani za piano, na hii ilimkuta Kariakoo mchana kweupe. Alishauziwa feki kibao, masela wa Magomeni wakamcheka, ndo maana siku hiyo alikuwa hamwamini mtu.

Bi Salma muuzaji akamwingiza stoo ya nyuma, giza tupu, akamkabidhi santuri moja.

"Shikamoo mama. Hii ya kweli au mnataka kunipiga tena?"

"Marahaba. Una macho, kagua mwenyewe." Akatoka, akarudishia mlango.

Gaudens akamulika na simu. Upande mmoja una mistari, wa pili laini kama kioo. Za hivyo, zilizorekodiwa upande mmoja tu, ndo za mwanzomwanzo kabisa. Ila akahisi wajanja wameusugua tu mistari ifutike. Akaugeuza juu, akazungusha gramafoni ya mkono iliyokuwa pale stoo, akashusha sindano asikie kama kuna muziki umebaki.

Kshhh. Kshhh.

"Hodi," akaita mwanamke.

Akajua Bi Salma karudi. "Karibu mama!"

Mlango haukufunguka. "Hodi," sauti ikarudia, na sasa akasikia kabisa inatoka kwenye gramafoni. Akanyanyua sindano haraka. Kimya.

"Ahsante mwanangu," sauti ileile ikamjibu, nyuma ya sikio lake. "Nimeshakaribia."