Hodi Kwenye Spika ya Kushoto

Neno lenyewe lilikuwa dogo, na halikuwa sehemu ya wimbo.

Jumamosi mchana baba mmoja alikuwa sebuleni kwake amefumba macho. Kazi yake ilikuwa kusafisha sauti za vipindi vya redio. Wenzake kazini walimwita Sikio, na jina likamfuata hadi nyumbani. Mezani palikuwa na vigeuzi viwili, visanduku vya chuma vinavyopokea tarakimu za muziki kutoka kwenye kompyuta na kuzigeuza ziwe sauti. Muuzaji alimwazima vyote: asikilize, achague kimoja, arudishe kingine. Cha kwanza Sikio alikiita Mpole, kwa sababu kilifunika makosa ya waimbaji kama mama anavyofunika ya wanawe. Cha pili alikiita Mkweli.

Alivijaribu kwa wimbo mmoja, bibi wa zamani akiimba na kinanda, wimbo alioujua hadi pumzi za mwimbaji. Kwa Mpole, baina ya ubeti na ubeti palikuwa kimya. Kwa Mkweli, kimya hicho kilikuwa na chumba ndani yake: kiti kilisogezwa, mtu alikohoa. Kisha, kwenye spika ya kushoto, nyuma ya hayo yote, sauti ya kiume ikasema taratibu, "Hodi."

"Karibu," Sikio akaitikia.

Hakufikiri. Nani hufikiri? Hodi huitikiwa kabla akili haijafika mlangoni.

"Unamkaribisha nani?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

"Hakuna mtu. Ni wimbo."

"Haya, uambie wimbo wako uvue viatu. Nimetoka kupiga deki sasa hivi."

Wakacheka. Sikio akaurudisha wimbo nyuma asikie tena. Kiti kilisogezwa, mtu akakohoa. Hodi haikuwapo.

Jioni sebule ilinuka udongo mbichi. Mkewe alitafuta bomba linalovuja, hakuliona. Sikio alipotaka kukaa mwisho wa kochi, binti yao mdogo akamvuta shati. Kwa kupenda maneno walimwita Chiriku.

"Baba, usimkalie mgeni."

"Mgeni gani?"

"Uliyemkalibisha," alisema Chiriku, ambaye r ilikuwa bado inamshinda.

Pale mwisho, mto wa kochi ulikuwa umebonyea.

"Kirudishe hicho kidude," mkewe alinong'ona.

"Bado nachagua."

Ukweli ni kwamba alishachagua. Hakuwahi kusikia muziki namna ile.

Kesho yake Chiriku aliamka na sauti imekauka. Hakuwa na homa, koo lilikuwa safi, lakini kila alipofungua kinywa sauti ilitoka ndogo kuliko mara iliyotangulia, na kufikia adhuhuri alikuwa akionyesha vitu kwa kidole. Sikio akawasha Mkweli ajitulize. Nyuma ya yule bibi mwimbaji palikuwa na kiitikio cha mtoto, kikiimba kwa furaha, na kila penye r kiliimba l. Akazima kisanduku, kiitikio kikaendelea. Akachomoa waya ukutani, kiitikio kikaendelea. Akazibeba spika mbili akazitoa nje barazani, akarudi mikono mitupu, na kutoka mwisho wa kochi, pale pasipo na mtu wala waya, sauti ya mwanawe ikamalizia ubeti bila haraka.

"Mpigie mama," alimwambia mkewe.

Mama mkwe alikuwa mtu wa kupelekewa wagonjwa walioshindikana hospitalini. Alifika asubuhi iliyofuata, akasimama mlangoni, akanusa.

"Mlimkaribisha?"

Mke akamtazama mumewe.

"Alipiga hodi, mama," Sikio alisema.

"Basi ana adabu zake. Angeingia kwa nguvu ningemtoa kwa nguvu. Huyu ni mgeni, na mgeni hafukuzwi." Akashusha sauti. "Leo ni siku yake ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Mpeni jembe."

Sikio alitaka kucheka. Mama mkwe hakuwa anacheka. Wakaazima jembe kwa jirani, Sikio akalilaza pale penye kochi palipobonyea na kusema kama alivyofunzwa: "Mgeni wetu, siku mbili zimekwisha. Jembe lako hili." Wakatoka wote, wakafunga mlango.

Waliporudi ndani, mto wa kochi ulikuwa umejaa, jembe halikuwapo, na harufu ilikuwa imekwisha.

"Mama, njaa!" Chiriku alipiga kelele, kwa sauti yake nzima. Mama yake akakaa chini sakafuni, akalia.

Muuzaji alishangaa kuletewa Mkweli. "Kaka, hiki ndicho bora."

"Kinasema mno," Sikio alijibu, akabaki na Mpole.

Nyumba ikatulia. Chiriku akachosha watu kwa maneno, na hakuna aliyemnyamazisha. Hadi mchana mmoja wa mvua, mtoto amelala chumbani mwake, Mpole akiimba taratibu, Sikio akasikia ngoma. Ilikuwa nzito, ya polepole, isiyofuata mdundo. Wimbo ule haukuwa na ngoma. Akazima. Ngoma ikapiga tena, na safari hii akaisikia kwa nyayo zake, chini ya sakafu, kitu kikipanda na kushuka, kupanda na kushuka, na baada ya kila pigo mchakacho wa kitu kinachomwagika kando.

Akampigia mama mkwe.

"Mama, amerudi. Na jembe nilimpa, si ulikuwapo?"

"Nilikuwapo. Na shamba, ulimwonyesha?"

Harufu ya udongo mbichi ilikuwa inakuja kutoka kwenye korido. Sikio akaifuata, simu bado mkononi, mama mkwe akiita "Baba? Baba?" kwa mbali, akasukuma mlango wa chumba cha mtoto. Jembe la jirani lilikuwa limeegeshwa kwenye kitanda, bapa lake la chuma limelowa matope. Chiriku alikuwa amelala chali, amenyoosha miguu, mikono ubavuni, kama mtu aliyeambiwa asitikisike.

"Shii, baba," alisema. "Mgeni ananipima. Anasema bado kidogo."