Vidonge vya Mama Mdogo Sekela

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali, Asifiwe alitandika mikeka uani, akamwaga mpunga na kuusambaza kwa miguu ili ukauke. Kisha alikaa kwenye kigoda akiwa na kibano mkononi, na mama yake mdogo, Sekela, akamwekea kichwa mapajani. Kazi yake ya pili ilikuwa kung'oa nywele zilizoota kidevuni mwa mama mdogo.

"Taratibu, mwanangu. Hapo panauma."

"Zimerudi nyingi, mama mdogo."

"Ng'oa tu. Wanawake wa bombani hawajapita bado."

Asifiwe alikuwa na miaka kumi na mitatu. Kwao ni Ikombe, kando ya ziwa, ambako mama yake, Veronika, alifinyanga vyungu. Aliletwa Ngonga kwa sababu Sekela aliolewa huko, miaka mingi ikapita bila kupata mtoto, na Veronika hakutaka mdogo wake akae katika nyumba iliyopoa. Mume wa Sekela, Aliko, alikuwa mtu mpole. Wakati ule biashara ya mpakani ilikuwa imefunguliwa, naye alishinda Kasumulu akivusha vitenge na sabuni kutoka Malawi.

Wanawake wa bombani walikuwa na midomo. "We Sekela," walimwita, "mkiamka asubuhi nani anaanza kunyoa, wewe au Aliko?" Sekela alicheka pamoja nao. Akifika nyumbani alitua ndoo, akaingia chumbani, akafunga mlango. Asifiwe alimsikia akilia, naye akaendelea kufukuza kuku kwenye mpunga kana kwamba hasikii.

Si nywele tu. Sekela alinenepa tumboni ingawa alilima kama wenzake. Chunusi zilimjaa usoni kama msichana. Na jambo alilolificha kuliko yote ni kwamba siku zake za mwezi zilikuwa hazieleweki. Mara zilikuja, mara miezi mitatu au minne ikapita kimya, na kila ukimya ulimpa tumaini la mimba ambalo baadaye lilimtoka kwa machozi.

Likizo ilipofika, Aliko akiwa safarini, Sekela alimchukua Asifiwe wakapanda basi hadi Mbeya, hospitali kubwa. Daktari aliyewapokea aliitwa Evodius, mtu wa Bukoba. Alimuuliza maswali mengi, akampima kwa mashine inayoonyesha picha za tumboni, kisha akachora kwenye karatasi.

"Hii ni mifuko ya mayai," alisema. "Kwa kawaida kila mwezi yai moja linakomaa na kutoka. Kwako mayai yanaanza kukua, halafu yanakwama, yanabaki madogo madogo kama shanga. Homoni zako haziendi sawa. Ndiyo maana hedhi inapotea, nywele zinaota kidevuni na mwili unanenepa."

"Kwa hiyo nimerogwa, daktari?"

"Hujarogwa, mama, wala hukufanya kosa lolote. Ni ugonjwa. Wanawake wengi wanao, na wengi wao huzaa wakipata matibabu. Tuanze na hivi." Akampa pakiti ya vidonge. "Hivi ni vidonge vya majira."

Sekela aliruka kwenye kiti. "Vya kuzuia mimba? Daktari, mimi natafuta mtoto!"

"Najua. Wengine wanavitumia kupanga uzazi. Kwako vitarudisha hedhi kwenye mstari na kulinda tumbo lako la uzazi. Utameza miezi kadhaa, kisha nitakupa dawa nyingine ya kukomaza yai. Ila mwambie mumeo. Safari ijayo njoo naye."

Ndani ya basi, walipokuwa wakiteremka Tukuyu, Sekela alimshika mkono Asifiwe. "Usimwambie mtu. Nitamweleza Aliko mwenyewe siku nikiwa na habari njema."

Vidonge alivificha ndani ya debe la mchele. Hedhi yake ikaanza kuja vizuri, mwezi kwa mwezi, na Asifiwe alimsikia akiimba tena jikoni.

Siku moja mama yake Aliko alikuja kuomba mchele. Sekela alikuwa shambani. Mama mkwe alichota mwenyewe, na mkono wake ukatoka na pakiti. Hakuhitaji kusomewa. Alikuwa amewahi kuona pakiti kama hiyo kwenye kliniki ya mama na mtoto, ikionyeshwa na wauguzi.

"Wajukuu zangu hawa hapa!" alipiga kelele hadi majirani wakatoka. "Wanamezwa kimoja kimoja! Mwanangu anahangaika mpakani, kumbe mke anafunga kizazi kwa makusudi!"

Aliko aliitwa kutoka Kasumulu, na wazee wakakaa kikao uani kwa baba yake, Mzee Zebedayo. Kwa desturi ya Wanyakyusa, mke hamtazami baba mkwe usoni, wala hasemi mbele yake. Wakikutana njiani, mke hukimbilia migombani. Sekela, kwa kuwa alitoka Ikombe na hakuwa Mnyakyusa, aliishika desturi hiyo kuliko wanawake wa pale, asije akaambiwa kwao hawakumfunza heshima. Basi siku aliyojadiliwa yeye, alikaa nyuma ya jiko, khanga kichwani, akisikia kila neno bila kuweza kujibu hata moja.

"Mtoto huyu alikwenda naye Mbeya," alisema Mzee Zebedayo. "Aje hapa. Wewe, hivi ni vidonge gani?"

"Vya majira, babu."

Watu wakanong'ona. Mama yake Aliko akapiga makofi. "Mmesikia?"

"Lakini daktari alimpa kwa ajili ya…" Asifiwe akasita.

"Kwa ajili ya nini?" aliuliza Aliko. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayeomba apewe sababu ya kubaki na mkewe.

Asifiwe alijua. Aliikumbuka ile picha ya shanga, aliyakumbuka maneno yote. Lakini neno lililotakiwa lilikuwa hedhi, na mbele yake walikaa wanaume. Alipovunja ungo mama yake alimwambia, "Hilo halisemwi mbele ya mwanamume, hata baba yako." Na mama mdogo naye alimwambia asimwambie mtu.

"Sijui," alisema.

Nyuma ya jiko ncha ya khanga ilitikisika.

Jioni Sekela alijaribu kumweleza mumewe. "Kama ilikuwa dawa," Aliko alimjibu, "mbona uliificha?" Asubuhi mama mkwe alitupa vidonge chooni. Wiki haikupita, Sekela na Asifiwe walikuwa ndani ya mtumbwi kuelekea Ikombe, na ng'ombe wa mahari wakaanza kudaiwa. Ng'ombe wakarudishwa, na ndoa ikavunjika.

Ikombe Sekela alikaa na dada yake akimsaidia kukanda udongo. Hedhi ilipotea tena, msimu mzima wa mvua. Kisha ikaja damu isiyokatika. Sekela aliifua usiku na kuificha, akinywa mizizi ya mganga, mpaka siku alipoanguka juu ya vyungu vibichi na kuviponda. Walipomwinua, khanga yake ilikuwa imelowa.

Alivushwa kwa mtumbwi hadi hospitali, midomo myeupe. Veronika alitoa damu yake, Sekela akaongezewa. Muuguzi Odilia aliyemhudumia aliwaeleza mambo yale yale ya Daktari Evodius, akaongeza, "Damu isipotoka miezi mingi, utando ndani ya tumbo la uzazi unazidi kuwa mnene. Ukibomoka, ndiyo haya. Ukiachwa miaka, unaweza hata kugeuka saratani. Vile vidonge vilikuwa vinamlinda."

Veronika alimtazama binti yake. "Ulikuwa unajua?"

Asifiwe alilia, akamweleza yote.

Veronika alituma habari Ngonga. Aliko alikuja, akasimama mlangoni mwa wodi, kofia mkononi. Safari hii Asifiwe hakusubiri kuulizwa. Alisema yote mbele yake: mayai yanayokwama, homoni, hedhi. Alilitaja neno lile waziwazi, na mbingu haikuanguka.

Aliko alikaa chini. "Mbona hukusema siku ile?"

"Usimuulize mtoto," alijibu Veronika. "Mimi ndiye niliyemfunga mdomo."

Sekela aligeuza uso kwenye mto. "Na mimi nilificha, Aliko. Nyumbani umeacha nani?"

"Wazee walishanioza," alisema Aliko. "Ana mimba."

"Mungu amsaidie ajifungue salama," alisema Sekela. Aliko akaondoka, na tangu siku ile hawakuonana tena.

Sekela alipona. Akawa anameza vidonge vyake hadharani, anatembea sana, anapunguza wali na sukari kama alivyoelekezwa, na kila baada ya miezi kadhaa anakwenda kupimwa. Nyumba yake haikurudi.

Siku Sekela alipotoka hospitali, Veronika alimketisha Asifiwe ufukweni.

"Sikiliza, mwanangu, na uwaambie wenzako shuleni. Msichana akianza tu, siku zake zinaweza kuyumba mwaka mmoja au miwili, asitishike. Lakini zikiendelea kupotea miezi, au damu ikitoka bila kukatika, au ndevu zikiota, aseme. Aniambie mimi, amwambie mwalimu wa kike, aende kwa muuguzi. Na ukimwona mwenzako ana nywele kidevuni, usimcheke. Anaumwa, na kicheko kinamfanya ajifiche. Nilikwambia hedhi haisemwi. Nilikosea. Mdogo wangu alikuwa na dawa mkononi na mume aliyempenda, akakosa mtu mmoja tu wa kulitaja neno hilo."

Asifiwe alifuta macho. "Mama," alisema, "mimi mwezi huu sijaona siku zangu."

"Ndaga, mwanangu," alijibu Veronika, akamshukuru huku akimshika mkono. "Umesema. Kesho tutamuuliza muuguzi."