Sifuri za Mgonjwa Namba Tisa

Kila nikirudi kutoka shuleni nilikuwa na utaratibu wangu: navua viatu mlangoni, nakunywa maji, halafu namwamsha Mama. Mama ni muuguzi wa wodi ya wanaume. Mwaka ule alikuwa anafanya zamu za usiku, na mchana anasomea shahada ya uzamili ya uuguzi, kwa hiyo usingizi wake ulikuwa wa kuvizia.

"Nyumba hii ina wanafunzi wawili na mpishi mmoja," Baba alipenda kutania huku akikoroga sufuria. Yeye ni fundi cherehani na hufanyia kazi hapohapo sebuleni. "Na mpishi mwenyewe hana hata cheti."

Mama alikuwa anafanya utafiti kuhusu wagonjwa wasioweza kujigeuza kitandani. Alinieleza kwamba mgonjwa wa namna hiyo anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo ngozi aliyoilalia hufa na kuwa kidonda. Kwa wiki nane, yeye na wenzake walijaza fomu zisizo na majina, namba tu. Kila siku moja ilikuwa na visanduku kumi na viwili. Mgonjwa akigeuzwa, kisanduku kilitiwa alama ya vema. Asipogeuzwa, kilitiwa mkasi, ile alama ya kosa.

Ikafika kazi ya kuingiza fomu hizo kwenye kompyuta. Mama huchapa kwa kidole kimoja kama kuku anayedonoa, na mimi naijua kompyuta vizuri, basi tukagawana kazi kwa siku kadhaa. Yeye alisoma, mimi nikachapa: vema ni moja, mkasi ni sifuri.

"Mgonjwa namba tisa," alisoma Mama. "Moja, sifuri, sifuri, sifuri, moja, sifuri..."

Sifuri zilikuwa nyingi mno! Darasani kwetu sifuri ni aibu. Mwalimu wetu wa hisabati huichora kubwa kwenye daftari, akaitia macho na mdomo ulionuna. Nikamwonea Mama huruma. Mtu amekesha wiki zote hizo, halafu ampelekee msimamizi wake wa chuoni sifuri jedwali zima?

Kila jioni Mama alipokwenda kuoga ajiandae kwa zamu, nilirudi kwenye jedwali nikageuza sifuri kuwa moja. Niliacha chache hapa na pale, kama wanavyofanya wajanja wa darasani wanaponakili majibu, wasije wakashtukiwa. Nilijiona nimepatia kwelikweli.

Jumatatu Mama alizirudisha fomu chuoni zikafungiwe kabatini, kwa kuwa ndiyo sheria ya utafiti. Jumatano mchana alikaa kupiga mahesabu. Tasnifu yake ilitakiwa Ijumaa.

"Haiwezekani," alisema. Akarudia mahesabu. "Haiwezekani! Jedwali linasema karibu wote waligeuzwa kwa wakati. Wauguzi wawili, wagonjwa thelathini na wanane, tuliwageuza saa ngapi?"

"Labda ni uchovu tu, mama watoto," Baba alisema taratibu. "Pumzika kidogo, utaona vizuri."

"Nilikuwepo, baba watoto! Niliona kwa macho yangu."

Mimi nilikuwa nimekaa na daftari langu, roho juu. Nikasema tumbo linauma, nikaenda kulala na jua bado linawaka. Kupitia ukuta nilimsikia Mama akivuta kamasi. Sikuwa na la kufanya. Nikisema, nimemharibia; nikinyamaza, nimemharibia vilevile.

Alhamisi nilimkuta anafuta kurasa za tasnifu yake.

"Hii sura ilikuwa inaomba wodi iongezewe wauguzi," aliniambia bila kunitazama. "Sasa nitaombaje? Takwimu zangu mwenyewe zinasema tunatosha."

"Na mgonjwa namba tisa, Mama?"

"Namba tisa ana kidonda mgongoni, ukubwa wa kiganja changu. Kila nikimsafisha anauma shuka asipige kelele." Akafuta ukurasa mwingine. "Lakini jedwali linasema aligeuzwa vizuri. Labda mimi ndiye sijui kazi yangu."

Hapo nilishindwa kujizuia. Nililia kwanza, maneno yakaja baadaye, ovyoovyo. Nilimwambia yote, mpaka zile sifuri chache nilizoziacha makusudi. Cherehani ya Baba ikasimama.

Mama hakunichapa wala hakunifokea. Aliweka mikono yake mezani akaitazama muda mrefu, na mimi nikatamani angenichapa. Kisha akachukua simu akampigia msimamizi wake.

Kesho yake baada ya shule tulikwenda chuoni wote wawili. Msimamizi alikuwa mama mtu mzima, muuguzi wa siku nyingi, miwani yake imening'inia shingoni kwa kamba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe ulitaka kumsaidia mama yako?"

"Ndiyo, Bibi. Shikamoo." Kwa woga nilikuwa nimesahau kumwamkia.

"Marahaba. Na wewe," akamgeukia Mama, "umemwachia mtoto takwimu, halafu hukulinganisha na fomu hata mara moja?"

"Sikulinganisha, Mwalimu. Kosa ni langu pia," Mama alijibu, ameinamisha kichwa kama sisi tunavyofanya shuleni.

Alituongezea siku kumi, akafungua kabati. Safari hii alipanga hivi: mimi nisome, Mama achape, na yeye mwenyewe ahakiki kila mstari. Kabla hatujaanza, alivaa miwani yake akaniangalia.

"Mjukuu wangu, sifuri ya darasani inasema hukujua. Sifuri ya humu inasema kuna mtu alilala juu ya maumivu yake saa mbili, na hakuna aliyefika. Ukiifuta, humwondolei maumivu. Unamwondolea shahidi. Ukweli hata ukiwa mbaya uandike ulivyo, maana hakuna anayeweza kurekebisha jambo aliloambiwa liko sawa."

Tulisoma siku nyingi. Kidole cha Mama kilidonoa polepole, na mimi nilimsubiri. Tulipofika fomu ya namba tisa nilimuuliza anaendeleaje.

"Bado yupo. Kidonda bado kibichi."

"Wauguzi wameongezwa?"

"Bado, mwanangu. Ndiyo tunaandika waongezwe."

Nilitamani kumfanyia mgonjwa yule jambo lolote, na jambo lenyewe lilikuwa hilo moja tu. Nikaweka kidole kwenye kisanduku cha kwanza, nikasoma kwa sauti ya kusikika.

"Moja. Sifuri. Sifuri. Sifuri."