Mtambo Uliozibwa Pua

Mtaani kwetu Kiponda hakuna kitu kilichowahi kuvuja kikanishinda. Nasema hivi bila ya kujisifu. Basi, kwa kujisifu kidogo. Babu yangu mzaa mama wa Nungwi anaunda vyombo vya baharini, na mimi nilikaa kwake likizo mbili nikajifunza kukalafati. Unachukua pamba, unaichovya mafuta ya sifa, yale ya ini la papa yenye harufu kali, unaipachika katika ufa wa mbao, unagongea kwa nyundo. Hapo hata tone halipiti. Nilirudi mjini na ufundi huo, na shule nikaimaliza kidato cha nne. Kwa hiyo mtu akitaka fundi msomi, aniite mimi, Kheir.

Juu ya sakafu ya nyumba yetu, yaani paa letu bapa la chokaa, kuna mtambo wa kupashia maji kwa jua. Una pipa refu lililolala, na chini yake kuna mirija ya kioo imepangwa kama meno ya chanuo. Jua linapiga mirija, maji yanapata moto, yanapanda yenyewe mpaka ndani ya pipa. Hauli umeme, hauli mkaa.

Mama yangu, Bi Mwanakhamis, aliufunga mtambo huo kwa ajili ya dada yangu Sumaiya. Sumaiya ana pumu. Akivuta moshi wa kuni kidogo tu, kifua chake kinalia kama zumari. Naye alikuwa na mimba ya kwanza, na kwetu mimba ya kwanza mtu huja kuzalia kwa mama yake. Akishajifungua hukandwa kwa maji ya moto, asubuhi na jioni, mpaka arubaini itimie.

"Siku arubaini za moshi mwanangu haziwezi," alisema mama. "Jua lipo bure. Lifanye kazi."

Tuliufunga mwezi wa saba, wakati wa kipupwe. Tuliufurahia sana. Mimi nilikuwa nikikoga mpaka mama anagonga mlango kuuliza kama nimo hai.

Kisha ikaja kaskazi. Mwezi wa kwanza mjini kwetu, hata bomba la maji baridi linatoa uvuguvugu. Nani atataka ya moto? Hatukuyagusa. Pipa la lita mia mbili likakaa limejaa, jua linalipiga kutwa, kesho linalipiga tena.

Ndipo mtambo ukaanza kudondosha maji. Ubavuni mwa pipa kuna kitu cha shaba kama koki ndogo. Kina kijibomba kinachotazama chini. Kila adhuhuri kilikuwa kikitoa maji: to, to, to. Na maji yale yalikuwa yakiangukia juu ya sakafu ya jirani yetu, Bi Shemsa, pale pale anapoanika maembe yake ya achari.

"Kheir! Wee Kheir!"

"Naam, Bi Shemsa! Shikamoo."

"Marahaba. Hiyo shikamoo yako itanikaushia maembe? Siku ya tatu leo yananyeshewa, na mawingu siyaoni!"

"Ni mtambo wetu, Bi Shemsa. Unatokwa na jasho."

"Basi ufute jasho! Kesho nakwenda Bwejuu kwa mwanangu, nnakaa mwezi na zaidi. Nataka achari yangu ikauke leo."

"Niazime nyundo tu. Mpaka alasiri mtambo utakuwa mkavu kama papa wa kuanika."

Akanipa nyundo nzuri, yenye mpini wa mpera uliong'aa kwa kushikwa. "Hii ya marehemu mume wangu," akasema. "Ikipotea, usije kwenye maziko yangu."

Nikapanda juu. Nilikuwa na pamba, sifa na kipande cha mti nilichokichonga. Nikakalafati kile kijibomba kama babu alivyonifunza. Nikagonga mpaka mti ukazama. Bi Shemsa alikuwa amesimama juu ya sakafu yake, kiganja juu ya macho, ananitazama.

"Umeziba kweli?"

"Nshaziba mpaka kiama!"

Asubuhi yake Bi Shemsa akaenda zake Bwejuu na maembe yake. Mtambo haukutoa hata tone. Nikajiona mhandisi.

Wiki ile ile Sumaiya akajifungua mtoto wa kike, wakamwita Nadra. Siku mbili za mwanzo alikuwa hospitali. Siku ya tatu akaletwa nyumbani, saa nane mchana, jua limesimama. Mama akatandika kitanda, akatayarisha taulo, akaenda chooni na ndoo kuchota maji ya kumkanda.

Akafungua bomba la moto.

Bomba halikutoa maji. Lilikohoa. Likatema mvuke, likatema tena, kisha maji yakaruka nje yakichemka. Mama akapiga ukelele. Mkono wake wa kulia, kuanzia kifundo mpaka vidole, ulikuwa mwekundu. Na juu ya vichwa vyetu, pipa likaanza kunguruma.

Nikaukimbilia mkono wa mama. Nikautia chini ya bomba la baridi, nikauacha hapo. Hilo tu ndilo nililofanya vizuri siku ile.

Sumaiya alikuwa kitandani, mtoto kifuani. "Mama, kuna nini?"

"Hakuna kitu, mwanangu." Kisha akanigeukia mimi. "Mtambo huu uteremshwe. Leo hii! Mwanangu na mjukuu wangu hawakogi maji ya shetani. Nitawasha kuni uani."

Sumaiya akamhamishia mtoto mkono mmoja. Akapapasa chini ya mto, akaitoa dawa yake ya pumu ya kupuliza, akaishika mkononi. Mimi nikaiona ile dawa.

"Ngoja, mama," nikasema. "Nnakwenda kumwita Fundi Bashira."

Fundi Bashira ni mzaliwa wa Tumbatu, anakaa uchochoro wa pili. Anatengeneza pampu na mitambo ya jua. Mimi nilikuwa nikimtania kila akipita na mkoba wake: "Fundi Bashira, leo unakwenda kulitengeneza jua lenyewe?" Siku ile sikumtania. Nilimkuta anashona. Nilipomwambia, akauacha uzi na sindano pale pale, akaja mbio.

Alisimama uani, akasikiliza mngurumo. Hakupanda juu.

"Bi Mwanakhamis, mzazi na mtoto wako wapi?"

"Chumba cha juu."

"Wateremke chini, vyumba vya mbele, sasa hivi. Mtu asipande juu ya sakafu."

Tukawateremsha. Kisha Bashira akaingia chooni, akasimama ubavuni mwa bomba, mbali na mdomo wake. Akajifunga taulo nene mkononi. Akalifungua bomba la moto kidogo kidogo. Likatema, likakohoa, likatema. Kisha maji yakaanza kupita. Akayaacha yaende. Chooni kukawa hakuonekani kwa mvuke.

"Maji ya moto yanatoka, ya baridi yanaingia nyuma yake," akasema. "Pipa litapoa taratibu. Tusubiri."

Tulisubiri sana. Mngurumo ukapungua, ukanyamaza. Ilipokaribia magharibi, jua limekufa nguvu, Bashira akapanda juu na mimi nikamfuata. Akakitazama kile kijibomba. Akainama, akanusa. Akachukua koleo, akazungusha, akavuta. Kizibo kikatoka na pamba yake.

"Kheir."

"Naam."

"Nani kaiziba hii?"

Nikatazama angani. Kunguru watatu walikuwa wanapita. Sijui ulimi wangu una nini.

"Labda kunguru," nikasema. "Kunguru wa mji huu wanaiba hata sabuni."

"Kunguru huyu anajua kukalafati?"

"Kunguru wa siku hizi wamesoma."

Bashira akapangusa koleo. Akakitia kizibo mkobani. "Twende chini," akasema. "Nataka mama yako asikie."

Mama alikuwa amekaa ukumbini, mkono umefungwa kitambaa safi alichotoka nacho Sumaiya hospitali. Sumaiya yuko karibu yake, Nadra amelala.

"Bi Mwanakhamis," akaanza Bashira, "mtambo wako mzima. Usiuteremshe. Ulizibwa pua tu."

"Pua gani?"

"Ile koki ndogo ya shaba. Ile ni valvu ya usalama. Maji yakipata moto sana yanatanuka, yanataka nafasi. Valvu inafunguka, inayatoa kidogo, pipa linapumua. Ukiiziba, unafanya kama mtu aliyefunika chungu, akakiinjika motoni, halafu akakaa juu ya kifuniko."

Mama akaguna. "Na mbona wakati wa kipupwe haikuvuja?"

"Wakati wa kipupwe mlikuwa mkikoga ya moto, na jua lilikuwa dogo. Kaskazi jua kali, na maji hamyatumii. Moto wa leo unaongezwa juu ya moto wa jana. Mtambo ukidondosha mchana wa kaskazi, unakwambia: nimeshiba jua, nipunguzieni."

"Tulipunguze vipi jua, Fundi?" akauliza Sumaiya. "Tulipigie simu?"

Bashira akacheka. "Mna jamvi kukuu?"

"Lipo," nikasema mimi.

"Basi funikeni nusu ya mirija kwa jamvi. Mlifunge vizuri kwa kamba, upepo wa kaskazi usije ukalichukua. Fanyeni alfajiri, kabla jua halijapanda, kwa sababu saa sita pale hapashikiki. Ikija kipupwe, livueni. Na mkisafiri nyote, funikeni mirija yote."

"Nusu itatosha kumkanda mwanangu?" akauliza mama.

"Itatosha na kubakia. Lakini sikiliza, bi mkubwa. Katika ndoo tia maji baridi kwanza, kisha ya moto juu yake. Halafu tia kiwiko. Kiganja chako kimezoea sufuria, hakijui moto wa mtoto. Kiwiko kinajua."

"Na yale matone?" nikauliza. "Bi Shemsa atalalamika tena."

"Tutavika mpira kwenye kijibomba, tuuelekeze kwenye mfereji wa maji machafu. Mdomo wake ubaki wazi daima. Na kila mwezi, asubuhi maji yakiwa hayajapata moto, mtu anyanyue kile kishikio cha valvu kidogo, aone kama maji yanatoka. Maji ya mji huu yana chumvi, yanagandisha. Valvu iliyoganda ni sawa na valvu iliyozibwa." Akanitazama mimi. "Na kunguru."

"Kunguru gani?" akauliza mama.

"Kheir anawajua," akasema Bashira.

Kesho yake alileta valvu mpya, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imeumia. Mimi nilimshikia vyombo bila ya mzaha hata mmoja. Jamvi nilikuwa nimeshalifunga alfajiri. Mchana ule niliweka sikio ukutani. Pipa lilikuwa kimya.

Jioni mama akachota maji. Baridi kwanza, moto baadaye, kiwiko ndani. Akamkanda Sumaiya kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa bado unamuuma. Mimi nilikuwa nje ya pazia, nasikia maji yanakamuliwa katika taulo. Nilitaka kuingia niseme kweli. Nikasema nitasema kesho.

Kesho ikawa kesho kutwa. Mkono wa mama ukapona. Siku arubaini zikapita na nyumbani kwetu hapakuwaka ukuni. Kifua cha Sumaiya hakikulia hata siku moja, na ile dawa ya kupuliza ikakaa chini ya mto mpaka nikaisahau. Nadra akanenepa, akawa na mashavu kama mandazi.

Siku ya arubaini nyumba ikajaa. Wanawake walikuja kumtazama mtoto, wakala biriani, kisha wakataka kuuona mtambo. Nani awaeleze? Nikawapandisha juu mimi. Nikawaonesha jamvi, nikawaonesha mpira, nikanyanyua kishikio cha valvu kama mwalimu anayenyanyua chaki. Mama alisimama nyuma, amembeba Nadra, anatabasamu. Fundi Bashira alikuwepo pia, sahani mkononi.

"Na kumbukeni," nikamalizia, "valvu isizibwe kamwe! Sisi hapa ilizibwa na kunguru. Mama akaungua mkono. Lau si mimi kukimbia kumwita fundi, tungekuwa tunazungumza mengine."

"Maskini Kheir wangu," akasema mama. "Mwanangu ana akili."

Ndipo nikasikia mtu anakohoa upande wa jirani. Bi Shemsa alikuwa amerudi kutoka Bwejuu. Alisimama juu ya sakafu yake, mahali pale pale, kiganja juu ya macho.

"Kheir!"

"Naam, Bi Shemsa. Shikamoo."

"Marahaba. Huyo kunguru wako aliyekuwa akigonga kizibo siku ile, mwambie anirejeshee nyundo ya marehemu."

Wanawake wote wakanigeukia. Fundi Bashira akaiweka sahani chini, akafungua mkoba, akatoa kile kizibo na pamba yake, akampa mama mkononi. Mama akakinusa. Harufu ya sifa mzaliwa wa Nungwi haimpotei.

"Kheir," akaniita polepole.

"Naam, mama," nikasema. "Nyundo iko chini ya kitanda changu."